Kauri, Kombe na Kikombe: Historia ya Kutunza Vyombo vya Kichina Katika Mwambao wa Waswahili

Historia ya vyombo vya Kichina katika mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi na wanaakiolojia kuliko wanaisimu, na jambo hilo limeacha athari. Mortimer Wheeler, alipozuru Tanganyika mwaka 1955, alitoa kauli iliyokaririwa mara nyingi tangu hapo: kwamba historia ya nchi hiyo kuanzia karne ya 10 imefukiwa ardhini na kuandikwa kwa kauri ya China. Kauli hiyo ilikuwa na faida yake. Iliwafundisha watafiti kukitazama kigae kama kalenda, kwa sababu tarehe za matanuri ya China zinajulikana vizuri kuliko tarehe za kuta za matumbawe. Lakini kalenda haina mwenyewe. Swali la nani alikinunua chombo, alikiweka wapi, alikiitaje, na kwa nini alikitunza badala ya kukilia wali tu, lilibaki pembeni. Makala haya yanalirejea swali hilo kwa kuanzia kwenye msamiati.

Upande wa akiolojia nitaupitia kwa haraka, maana umeelezwa vya kutosha. Vyombo vya China vilifika Manda na Unguja Ukuu mapema, katika zama za ukoo wa Tang. Kufikia karne ya 14 na 15 bakuli za kijani za Longquan, na baadaye za buluu na nyeupe, zilikuwa zimesambaa kutoka visiwa vya Lamu hadi Kilwa. Kirkman (1954) alizikuta Gede, na Chittick (1974) alizikuta Kilwa, ikiwemo chupa ya kauri nyeupe iliyofukuliwa katika jumba la Husuni Kubwa. Pamoja na hayo, kila mahali palipochimbwa vigae vya kigeni ni sehemu ndogo sana ya vigae vyote. Vingi ni vya vyungu na mitungi iliyofinyangwa papo hapo. Uchache huo ndio unaolipa suala la kutunza uzito wake: mtu hutunza kile ambacho hawezi kukipata kesho.

Tuje kwenye jina. Waarabu waliviita vyombo hivi kwa nchi vilikotoka, *sini*, na Waingereza wakafanya vivyo hivyo. Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kufuata njia hiyo, na kwa kiasi fulani kiliifuata: neno *sinia* limetokana na Kiarabu *siniyya*, yaani kitu cha Kichina. Lakini msemaji wa Kiswahili anayepakua pilau katika sinia la shaba haifikirii China hata kidogo. Asili imeshasahauliwa ndani ya neno. Jina lililoshika ni *kauri*, neno lenye asili ya Kihindi ambalo ndilo pia jina la simbi, kombe dogo la baharini lenye mgongo laini unaong'aa. Sadfa yake inastahili kuangaliwa. Waitalia nao waliita vyombo hivyo kwa jina la simbi hiyohiyo, *porcellana*, na Marco Polo alilitumia neno hilo kwa maana zote mbili. Pande mbili za dunia zisizosemezana zilikiangalia chombo kimoja zikaona ganda la pwani. Kwa hoja yangu jambo la maana ni kwamba jina *kauri* halisemi lolote kuhusu ugeni. Linasema juu ya mng'aro na ulaini, yaani juu ya kile ambacho jicho na kidole hukipata. Mtafiti anayekiita chombo hicho "bidhaa ya kigeni" kila anapokitaja anakipa sifa ambayo lugha ya wenyewe haikuona haja ya kuipa.

Neno *kombe* lina mengi zaidi. Katika matumizi ya zamani kombe ni chombo kikubwa cha kulia, chenye kina. Ni gamba la chaza pia. Ni mfupa mpana wa bega, kombe la mkono. Na siku hizi ni tuzo ya washindi wa kandanda. Maana zote hizi zinashikana katika umbo: kitu kilichobonyea, kana kwamba kimekombwa, na sioni sababu ya kulitenga jina hilo na kitenzi *komba*. *Kikombe* basi ni kombe lililodogoshwa kwa kiambishi *ki-*, kama kisahani kilivyo kwa sahani. Tunapokunywa chai kila asubuhi tunatumia neno la Kibantu kwa chombo kilichofika kwa jahazi, na hakuna anayeshtuka.

Lipo kombe jingine, nalo ndilo linaloeleza kwa nini sahani nyeupe ilikuwa na heshima isiyoelezeka kwa bei peke yake. Mwalimu huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani, maandishi huoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa huyanywa. Dawa hiyo huitwa kombe. Chombo kimeipa dawa jina lake. Hapa ulaini wa kauri si pambo. Chombo cha udongo kisichong'arishwa hunywa wino, na herufi zikabaki humo. Cha kauri huurudisha wote ndani ya maji. Nimeona mara nyingi tasnifu zinazojadili kauri chini ya kichwa cha "anasa" bila kulitaja kombe hata mara moja, ilhali mila hiyo bado ni hai. Na fikra yake imevuka mipaka ya Uislamu na ya mwambao. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, hawakusema wanaenda kunywa dawa. Walisema wanaenda kunywa kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa cha plastiki, lakini mpito wa maana, kutoka chombo kwenda kwenye tiba iliyomo, ni uleule wa kombe.

Mahali pa kutunzia palikuwa ukutani. Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zina safu za zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, hasa katika chumba cha ndani kabisa. Donley-Reid (1990), aliyezungumza na wakazi wa Lamu, anaonyesha kwamba sahani zilizopangwa humo hazikuwa za kuwatambia wageni tu. Zilikuwa kinga dhidi ya kijicho, na sahani ikipasuka ilieleweka kuwa imepokea shari iliyomlenga mtu. Maelezo hayo yanaufanya mgawanyo wa vyumba ueleweke. Chumba cha ndani ni cha uzazi na cha kuoshea maiti, na mgeni wa kawaida hakufika huko. Kama sahani zilikuwa za kujionyesha tu, ziliwekwa mahali pabaya mno. Isisahaulike pia kwamba nyumba hizo zilikuwa za waungwana, na waliozifuta vumbi sahani hizo aghalabu walikuwa watumwa, ambao vyumba vyao havikuwa na zidaka.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alilijua hilo alipotunga *Al-Inkishafi*, utenzi uliohaririwa na Hichens mwaka 1939. Katika kuisawiri Pate iliyoanguka hakuchagua milango wala paa pekee. Alichagua zidaka zilizokuwa na visahani, ambamo sasa makinda ya ndege yamelala. Wahakiki wengi huisoma picha hiyo kama ishara ya ubatili wa mali. Naona usomaji huo ni sahihi lakini haujatosha. Mshairi anatumia umbo la ukubwa, *madaka*, kwa shubaka, na umbo la udogo, *zisahani*, kwa chombo. Udogo huo ni wa mapenzi, si wa dharau. Na kama sahani ilikuwa kinga, basi kidaka kitupu ni zaidi ya umaskini: ni nyumba isiyo na mlinzi, na ndege ameingia chumba ambacho hata jirani hakuingia.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na desturi hiyohiyo kwa vyombo vipya. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, anaeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi kuta zilivyokuwa na mashubaka marefu yaliyojaa vyombo vya kauri na vioo vilivyopangwa kwa ulinganifu. Wakati huo sehemu ya vyombo ilikuwa ikitoka Ulaya, ikiwemo Maastricht, Uholanzi. Bakuli ya kiwanda cha Petrus Regout haikuwa na umri wala utukufu wa Longquan, lakini iliingia kidakani bila kuulizwa nasaba. Finjani ilikuwa ya kahawa. Kikombe chenye mkono na kisahani chake kilienea pamoja na chai. Bara kilifika zaidi kama kikombe cha bati, ndiyo maana hadi leo dukani cha kauri huitwa "cha udongo", jina ambalo mfinyanzi wa vyungu angelicheka. Kidaka nacho kiligeuka kabati la kioo sebuleni, lenye vikombe vya wageni ambavyo mgeni anayestahili kuvinywea hajazaliwa bado.

Lakini vyombo vilivyotunzwa hadharani ndivyo vilivyoteswa zaidi. Makaburi ya nguzo ya Kaole, Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa bakuli na sahani zilizopachikwa katika chokaa, na Kilwa kuba za msikiti mdogo zilipachikwa vivyo hivyo. Leo katika makaburi mengi kilichobaki ni matundu ya duara. Baadhi ya vyombo vilihamishiwa makumbusho. Vingine vilibanduliwa na wakusanyaji, ambao wengi wao, naamini, walivipenda kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nchini Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2006, zinakataza uharibifu huo, ila hakuna sheria inayorudisha kile kinachopotea chombo kinapobanduliwa. Bakuli iliyo katika mkusanyo wa mtu London bado ni ya Longquan. Haiwi tena ya marehemu fulani wa Kunduchi, kwa kuwa uhusiano wake naye ulikuwa katika chokaa, siyo katika kauri.

Wanaisimu wana kazi hapa ambayo haihitaji jembe. Katika ripoti za uchimbaji, vigae huorodheshwa kwa majina ya matanuri na ya koo za wafalme wa China. Safu ya pili inaweza kuongezwa kwenye majedwali hayo, yenye jina la chombo katika lahaja ya mahali: kombe, bakuli, sahani, kisahani, finjani, pamoja na matumizi yake kama wanavyoyaeleza wazee, hasa wanawake, ambao ndio waliokuwa wakivipanga zidakani. Kiamu na Kipate vianze, kwa sababu huko zidaka bado zipo ukutani na wapo wanaokumbuka kilichokaa katika kila kimoja.