Darubini

Neno "darubini" limetoka Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Baadaye likaundwa "hadubini" kwa chombo cha kuonea vijidudu, lakini kioo cha kulengea shabaha kimebaki na jina la kale: darubini ya bunduki.

Jina hilo la kale lisitupotoshe kuhusu umri wa chombo chenyewe. Septemba 1905, wakati wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, walivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Katika vita hivyo askari wengi wa Wajerumani walibeba Mauser ya 1871, inayolengwa kwa jicho tupu. Kwa hiyo anayerithi darubini kuukuu ya bunduki katika kata ya Ramadhani mjini Njombe au pale Makambako asikimbilie kuihusisha na vita hivyo. Asome kwanza maandishi: "Carl Zeiss Jena" hutaja kiwanda na mji. Kisha aielekeze lenzi kwenye mwanga. Mng'ao wa samawati au zambarau ni dalili ya utando wa kupunguza uakisi, uliobuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935. Herufi T huuashiria. Yenye T haikuiona Majimaji.

Tuseme "darubini ya bunduki", si "skopu". Neno letu linataja kazi yenyewe.