Uvimbe wa Kuvu

Mtoto wa Kanda ya Ziwa akivimba, mzazi anaweza kuwaza saratani kwanza. Hofu hiyo ina asili yake. Limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya na tumbo la mtoto, inajulikana sana pande hizi, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliieleza mwaka 1958. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka 1964 Burkitt huyohuyo na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 31 wa Uganda wenye uvimbe wa aina nyingine kabisa. Wagonjwa hao walikuwa wameota kuvu chini ya ngozi.

Maabara leo huuita ugonjwa huo basidiobolomikosi. Kuvu yake hukaa kwenye majani yanayooza na matumboni mwa vyura na mijusi. Ikishaingia mwilini hujenga uvimbe mgumu usiouma, mara nyingi kwenye tako au paja la mtoto. Ikishika utumbo, hata kipimo cha CT skani chaweza kumfanya daktari adhani ni saratani.

Sasa tuuiteje kwa Kiswahili? Ukisema "fangasi", mzazi atafikiria vidole vya miguu na dawa ya kupaka. "Ukungu" ni wa mkate uliolala, au ule wa alfajiri juu ya Ghuba ya Mwanza. Mimi nasema "uvimbe wa kuvu". Neno "uvimbe" lina haki yake hapa, maana hata "-oma" ya Kigiriki, iliyomo katika limfoma na sarkoma, kitabibu ni uvimbe tu. Imo pia katika misetoma, ugonjwa wa mguu usio saratani.

Neno "saratani" lingoje kinyama. Ndivyo wengi wanavyokiita kile kipande kinachokatwa kupelekwa maabara, iwe hospitali ya Bugando au kwingineko. Chini ya hadubini, kuvu hii huonekana kama nyuzi pana zilizozingirwa na seli za eosinofili. Hapo tiba ni itrakonazo kwa miezi kadhaa, au potasiamu ayodidi, dawa ya siku nyingi. Mtoto huyo akipewa kemotherapi, kinga yake itashuka na kuvu itabaki palepale.

Kwa hiyo kabla ya majibu, daktari aseme hivi: "Mama, mwanao ana uvimbe. Wa nini, tutajua kinyama kikishasomwa."