Bafle limebaki, ampli imekwenda: historia ya lampu inavyotufundisha kuchagua

Vita vinapofika, ampli huondoka na bafle hubaki. Ampli ni ndogo: mwenyewe huifunga ndani ya kitenge akakimbia nayo, au mwizi huitia kwapani. Bafle ni sanduku zito la mbao, halibebeki pamoja na mtoto, godoro na sufuria. Ndiyo maana familia inaporudi inaweza kukuta mabafle ya baba bado yamesimama ukutani, yamejaa vumbi lakini mazima, na hakuna cha kuyafanya yaseme.

Hapo swali ni la pesa: tununue ampli gani? Wapo wanaotaka ile ya lampu, kwa sababu rumba ya zamani inasikika tamu ndani yake. Muuzaji atawatajia wati, na ya wati nyingi ndiyo ataisifu zaidi. Lakini ukiifuata historia ya vyombo hivi, utaona kwamba ampli huchaguliwa na bafle ulilo nalo, si na muuzaji.

Wakati wati moja ilikuwa mali

Kwa vijana ambao hawajaiona: lampu hii si ya kuangaza nyumba. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake kuna waya unaopashwa moto. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaiongezea kipande cha tatu, na tangu hapo sauti dogo ikaweza kuongoza umeme mkubwa. Ampli zote za kwanza zilitoka hapo.

Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walieleza bafle la koni ya karatasi inayosukumwa na koili. Mabafle mengi tuliyo nayo leo bado yanafanya kazi kwa njia hiyo. Miaka miwili baadaye sinema ikaanza kusema, na sauti ikabidi ijaze ukumbi mzima. Kazi hiyo ilifanywa na ampli za wati chache tu. Iliwezekanaje? Mabafle yalikuwa na honi kubwa, mepesi kuimba, hata umeme mdogo uliyaamsha.

Kisa cha karibu na sisi kinaonyesha jambo hilo hilo. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya lampu iliyoitwa Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake lilitokana na sufuria. Ilikula betri, na bei yake ilikuwa pauni 5. Nguvu ya sauti yake haikufika hata wati 1, lakini watu waliizunguka wakasikia habari.

Na rumba yetu je? Wendo Kolosoy aliporekodi Marie-Louise kwa studio ya Ngoma huko Léopoldville mwaka 1948, transista ilikuwa imevumbuliwa Marekani mwezi wa Desemba 1947 tu, haijatoka maabara. Hata OK Jazz ilipoanza mwaka 1956, studio, redio na ampli za baa bado zilitegemea lampu. Muziki ule ulizaliwa kwa wati chache na mabafle mepesi.

Sanduku dogo lenye njaa

Mambo yakageuka mwaka 1954. Edgar Villchur, huko Massachusetts, alitoa bafle lililoitwa AR-1: sanduku dogo lililofungwa kabisa, lenye besi nzito kuliko masanduku makubwa ya wakati ule. Kisha, kuelekea mwaka 1958, sahani za stereo zikafika sokoni. Sasa kila nyumba ilihitaji mabafle mawili, na nani alikuwa na sebule ya kuweka makabati mawili? Sanduku dogo likashinda.

Lakini besi ile ililipiwa. Bafle dogo lililofungwa lina njaa ya umeme. Mwanzoni hilo lilikuwa tatizo, kwani ampli nzuri za nyumbani zilikuwa za wati 15 hivi, kama ile aliyoichapisha D. T. N. Williamson Uingereza mwaka 1947, au Quad II ya mwaka 1953. Transista ilipoingia majumbani miaka ya 1960, wati zikawa rahisi, na watengenezaji hawakuona tena haja ya kutafuta bafle jepesi.

Kwa hiyo mabafle yetu ni ya koo mbili. Lile la zamani, lenye koni pana na nyepesi, lilizaliwa na lampu. Lile dogo la kisasa lilizaliwa na transista. Ukimwozesha huyu wa pili kwa ampli ndogo ya lampu, ndoa itasumbua.

Hesabu ya nyuma ya bafle

Wepesi wa bafle hupimwa kwa desibeli, na mara nyingi huandikwa nyuma yake: ni kiasi cha sauti kinachosikika umbali wa mita 1 ukilipa wati 1. Kila desibeli 3 zinazopungua, unahitaji wati mara mbili. Bafle la desibeli 98 likitosheka na wati 1, lile la 85 litataka wati 20 kwa sauti ile ile.

Basi kwa sebule ya kawaida: kama bafle lina desibeli 95 au zaidi, ampli ya lampu ya wati 5 mpaka 10 inatosha. Likiwa na 90 hivi, tafuta wati 15 mpaka 30. Likiwa na 85 au chini, ampli ya lampu inayolifaa itakuwa kubwa na ghali. Afadhali ununue ya transista, pesa inayobaki ilipe karo ya mtoto.

Jambo la pili ni omu. Lampu haiwezi kulisha bafle moja kwa moja, kwa hiyo katikati huwekwa transfo. Kazi yake ni kama gia ya pikipiki: inalinganisha mwendo wa injini na uzito wa mzigo. Ndiyo maana nyuma ya ampli ya lampu huwa kuna matundu ya 4, 8 na 16. Bafle la omu 8 liunge kwenye 8. Kama maandishi yamefutika, fundi apime kwa multimeta: bafle la omu 8 huonyesha kama 6, la omu 4 huonyesha kama 3, na la 16 huonyesha 11 au 12.

Kabla ya kutoa dola

Uliza lampu zake. EL84, EL34 na ECC83 bado zinatengenezwa, kwa hiyo zikifa zitapatikana. Ampli yenye lampu ambazo hazitengenezwi tena ni mapambo ya mezani.

Fikiria umeme. Ampli ya stereo yenye EL84 nne inaweza kuvuta wati 100 hivi hata kama umeipunguza sauti, kwa sababu lampu lazima zikae moto. Umeme unaopanda na kushuka huzichosha, kwa hiyo weka chombo cha kusawazisha.

Usiwashe kamwe ampli ya lampu bila bafle. Transfo inaweza kuungua. Wala usiifungue: ndani mna volti 300 na zaidi, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Mkataze mtoto, mwachie fundi.

Kwa walio bado kambini, lampu si jibu, maana paneli ndogo ya jua haitailisha. Ila sheria ni ile ile. Kundi linalosikiliza redio pamoja litafute kwanza bafle jepesi, kisha ampli ndogo ya transista. Wati 5 kwenye bafle la desibeli 95 zitapita wati 30 kwenye bafle la 85, na betri itafika taarifa ya habari ya usiku.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni, geuza bafle, pangusa vumbi, usome namba mbili: desibeli na omu. Ziandike kwenye karatasi uende nazo.