Jiwe na Ushahidi Wake: Kit Mikayi, Lwanda Magere na Mpaka wa Kano

Mwamba wenye umbo la ajabu huzua swali, na jamii hulijibu kwa masimulizi. Katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi (1989) alitenganisha kisasili na kisakale, akakiweka kisakale katika kundi la salua, yaani masimulizi yanayohusu matukio ya kihistoria au yanayosadikiwa kuwa ya kihistoria. Miamba miwili ya nchi ya Waluo, karibu na Kisumu, yaonyesha kwamba mgawanyo huo una uzito nje ya darasa pia.

Mwamba wa kwanza ni Kit Mikayi, ulioko Seme, magharibi ya Kisumu. Ni mawe makubwa ya itale yaliyopandana. Jiolojia huueleza kuwa ni zao la mmomonyoko: mwamba uliliwa kufuata nyufa zake, sehemu laini zikachukuliwa, ngumu zikabaki. Jina lake lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee Ngeso alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni mwake kila siku, mkewe akimpelekea chakula huko. Wengine huyaona mawe matatu makuu kuwa mikayi, nyachira na reru, yaani wake watatu wa boma la Kiluo kwa mpangilio wao. Hapa umbo limetangulia, simulizi ikafuata.

Jiwe la pili lina mantiki tofauti. Liko katika tambarare ya Kano, nchi ulimo mji mdogo wa Awasi, ambayo upande mmoja hupakana na vilima vya Nandi. Lwanda, ambalo kwa Kiluo ni mwamba, ni jina la shujaa Lwanda Magere, ambaye mikuki haikumpenya. Maadui zake wa Lang'o, yaani Wanandi, walimwoza binti yao. Lwanda alipougua, alimwamuru bibi huyo achanje kivuli chake badala ya mwili ili kutia dawa. Damu ikatoka. Bibi akatoroka na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa akafa, akageuka jiwe, na wawindaji husemekana kunolea mikuki yao hapo ili wapate bahati.

Wahakiki wamezoea kumlinganisha shujaa wa namna hii na Samsoni au Fumo Liyongo. Ulinganisho huo una manufaa, lakini huliacha jiwe nyuma. Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Usaliti ulitoka ndani ya nyumba. Katika kisa cha Lwanda usaliti unatoka ng'ambo ya mpaka, na jiwe halielezwi umbo lake bali huitwa kuwa shahidi: tukio lilitokea, na kithibitisho ni hiki. Ndiyo maana kisa hiki husadikiwa kama historia, ilhali kile cha Ngeso huburudisha tu.

Ushahidi huo una gharama. Tamthilia ya Okoiti Omtatah, *Lwanda Magere*, ilichapishwa mwaka 1991. Mwishoni mwa mwaka huohuo mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Miteitei, wilayani Nandi, yakaenea mpakani. Katika mazingira kama hayo, binti wa Lang'o huweza kusomwa kuwa hoja dhidi ya jirani wa leo.

Hata hivyo, matini yenyewe haimlaumu bibi peke yake. Ndoa hiyo ilikuwa mapatano ya amani yaliyovunjwa. Naye Lwanda, katika masimulizi mengi, alionywa na watu wake asimwoe, akapuuza. Siri aliitoa kwa kinywa chake. Tena, mikayi ana mwamba unaobeba cheo chake, lakini binti huyu, ambaye bila yeye hakuna kisa, mara nyingi hutajwa kwa kabila lake tu. Jiwe la Kano linathibitisha kifo, halithibitishi hatia. Mhakiki anayelihesabu kuwa kisakale hana budi kuonyesha ni sehemu gani ya simulizi ambayo jiwe laweza kuishuhudia, na ni ipi iliyotiwa na vinywa vya upande mmoja wa mpaka.