Conlon Nancarrow, mtunzi aliyetoboa muziki kwenye karatasi

Mwaka 1947 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Mexico City alisafiri hadi New York na fedha za urithi. Alinunua piano inayojipiga, kisha akamwagiza fundi amtengenezee mashine ya kutoboa karatasi kwa mkono. Wakati huo piano za namna hiyo zilikuwa zimeshapitwa na wakati, kwa kuwa redio na santuri zilikuwa zimezifukuza sebuleni. Conlon Nancarrow alirudi Mexico na vyombo vyake, akajifungia kazini, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki akatunga muziki kwa kutoboa tundu moja baada ya jingine.

Alizaliwa mwaka 1912 Texarkana, katika jimbo la Arkansas, mji ambao baba yake aliwahi kuwa meya wake. Nyumbani kwao kulikuwa na piano inayojipiga, na mtoto aliipenda. Ukubwani akapiga tarumbeta kwenye bendi za jazz, akasoma muziki Cincinnati, kisha Boston, ambako pia alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1937 alikwenda Hispania kupigana dhidi ya majeshi ya Jenerali Franco, yaliyoiasi serikali ya Jamhuri, akiwa na Wamarekani wa Kikosi cha Abraham Lincoln. Jamhuri waliyoitetea ilishindwa mwaka 1939. Aliporudi kwao na kuomba pasipoti, serikali ilimnyima kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 1940 akahamia Mexico, nchi ambayo Mmarekani aliweza kuingia bila pasipoti, na baadaye akachukua uraia wake.

Hadi hapo hayo ni maisha ya mkimbizi wa kisiasa, na wa aina yake walikuwa wengi. Kilichomtofautisha Nancarrow ni jambo lililomsumbua kuhusu mwendo wa muziki. Alitaka sauti mbili, tatu, hata nne zisikike pamoja, kila moja ikienda kwa kasi yake, na si kasi za kukisia bali za hesabu kamili. Mwaka huohuo wa 1940 kipande chake cha wapigaji saba kilichezwa New York baada ya mazoezi machache mno, na wapigaji wakapotezana. Alikuwa amesoma kitabu cha mtunzi Henry Cowell kilichotoka mwaka 1930, na humo kulikuwa na dokezo kwamba midundo migumu ya namna hiyo ingeweza kukabidhiwa piano inayojipiga. Cowell mwenyewe hakulifuatilia wazo hilo. Nancarrow alilifanya kazi ya maisha.

Piano hiyo hufanya kazi kwa hewa. Ndani yake mna mtambo wa kuvuta hewa, na mkanda mrefu wa karatasi hupita juu ya upau wenye vitundu vilivyojipanga, kila noti na kitundu chake. Tundu la karatasi likifika juu ya kitundu cha upau, hewa hupenya, nyundo hunyanyuka na uzi hupigwa. Umbali kati ya tundu na tundu ndio muda kati ya noti na noti. Kwa hiyo Nancarrow aliweza kuupima wakati kwa rula. Alichora mistari ya vipimo kwenye karatasi, akaandika noti, kisha akaketi kutoboa. Dakika chache za muziki zilimchukua miezi mingi, na kuna vipande vilivyokaribia mwaka mzima. Nyundo za piano yake, na za nyingine aliyoipata baadaye, alizibadilisha pia, akazivisha ngozi ngumu na chuma, ili kila noti itoke kavu na sikio liweze kuitenga na nyingine.

Vipande hivyo, takriban 50, aliviita kwa jina moja tu, Study, akavipa namba. Namba 36 ina sauti nne zinazokwenda kwa uwiano wa 17, 18, 19 na 20. Namba 37 ina kasi 12 tofauti. Namba 40 imejengwa juu ya uwiano wa namba mbili za hisabati ambazo desimali zake hazina mwisho, e na pi. Kinachonivutia kuliko vyote ni namba 21. Ina sauti mbili tu. Moja inaanza taratibu na kuzidi kasi, nyingine inaanza mbio na kupunguza, nazo zinapishana katikati kama magari mawili kwenye barabara nyembamba. Kwa nukta moja kasi zao zinalingana, kisha kila moja inaendelea na safari yake, na ile iliyoanza polepole inamalizia kwa mvua ya noti ambayo mkono wa binadamu usingeweza kuimwaga.

Kwa miaka mingi karibu hakuna aliyemsikia. Mwaka 1962 alifanya onyesho katika jumba la Bellas Artes mjini Mexico City, na waliofika walikuwa wachache. Kampuni ya Columbia ilitoa santuri yake mwaka 1969. Mambo yaligeuka mwaka 1980, pale mtunzi György Ligeti alipokutana na rekodi zake mjini Paris. Ligeti aliandika kwamba huo ulikuwa ugunduzi mkubwa kupita wote tangu watunzi Webern na Ives. Mwaka 1982 Nancarrow, akikaribia miaka 70, alipewa tuzo ya MacArthur ya dola 300,000.

Hapa Afrika inaingia kwenye hadithi. Ligeti alipoanza kutoa etude zake (vipande vya mazoezi) za piano mwaka 1985, alikuwa akisikiliza mambo mawili kwa pamoja: piano za Nancarrow, na muziki wa Afrika ya Kati uliorekodiwa na mtafiti Simha Arom, ambamo midundo kadhaa hukimbia pamoja bila kugongana. Muziki wa Nancarrow nao ni wa midundo inayokimbia pamoja, kwa hiyo anayemwita mtu wa mashine asiye na damu amekosea. Alikuwa mtu wa mdundo kuliko watunzi wengi wa zama zake.

Na alikuwa na msimamo. Katika miaka ya 1980 alifikiria kurejea Marekani, akaambiwa atie sahihi tamko kwamba alipokumbatia ukomunisti alikuwa kijana mpumbavu. Alikataa, akabaki Mexico City hadi alipofariki mwaka 1997.

Mikanda yake leo imehifadhiwa katika Wakfu wa Paul Sacher mjini Basel, Uswisi, na rekodi zake zinapatikana mtandaoni. Msomaji ambaye hajawahi kumsikia aanze na Study namba 3, ambayo ina mahadhi ya jazz na inaingia sikioni upesi, kisha ahamie namba 21. Ukiwa umekulia karibu na ngoma, hutahitaji mwalimu.