Wastani si katikati

Neno "wastani" tumelipata kwenye Kiarabu, na asili yake ni katikati. Ndiyo maana mwanafunzi akiambiwa kuwa klorini ina atomu zenye tungamo 35 na nyingine 37, hujibu bila kusita: wastani ni 36. Kitabu chasema 35.5.

Weka mezani punje 75 za maharage madogo na 25 za makubwa. Zipime zote pamoja kwenye mizani, kisha gawanya kwa 100. Jibu litaegemea upande wa madogo, kwa kuwa ndiyo mengi. Klorini nayo ni hivyo hivyo: katika kila atomu 4, takriban 3 ni za 35 na 1 ni ya 37. Jumla 142; gawanya kwa 4, unapata 35.5.

Atomu hizo ndugu huitwa isotopu, neno lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake "mahali pamoja". Mwanakemia Frederick Soddy alilitumia mwaka 1913. Leo tunazieleza hivi: protoni sawa, nyutroni tofauti, chumba kimoja katika jedwali la elementi.

Tunapofundisha wastani, basi, tuanze kwa kuuliza: walio wengi wako upande upi? Hakuna hata atomu moja ya klorini yenye 35.5, namba hiyo ni ya kundi zima.