Nyumba za Kale za Lamu na Adabu Zake

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kutani mlitiwa vidaka, vikapangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate yaliyokuwa na fahari kama hiyo, akaionya nafsi yake.

Mwaka 2001 mji wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia, na nyumba nyingi zimetengenezwa upya. Kuhifadhi ni jambo jema. Lakini kiti cha enzi alikalishwa mgeni kwa heshima. Kikibaki pambo lisilokaliwa, tumehifadhi mbao tu. Atengenezaye nyumba ya wazee, na aufungue mlango wake kwa jirani na msafiri. Wallahu a'lam.